UZI: Walioandika historia ya Bizanti walikuwa watu wa ikulu. Tuwasome tukijua walikula meza ya nani

#1 · Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kila tukigusa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) humu ndani, mjadala unakimbilia 1453, mwaka Waturuki wa sultani Mehmed wa Pili walipouteka mji: nani alikuwa na haki, nani alisaliti, nani alipata alichostahili. Kabla ya mwaka huo kuna miaka zaidi ya 1,100 tangu Konstantino azindue mji wake mwaka 330, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu miaka hiyo tunayajua kwa sababu kuna watu waliketi wakaandika. Leo nawaleta watu hao. (Bizanti ni dola ya Kirumi ya mashariki, iliyotawaliwa kutoka mji huo. Wenyewe walijiita Warumi mpaka siku ya mwisho. Jina la Bizanti wasomi wa Ulaya waliwabandika baada ya dola yao kufa. Nitatumia yote mawili.)

Ninachokuja kukitetea ni hiki. Karibu kila mwandishi mkubwa wa Bizanti alikuwa mtu wa serikali: karani wa jemadari, mshauri wa wafalme, binti mfalme, waziri, na mmoja, John Kantakouzenos, alikuwa mfalme kabisa, akajiuzulu mwaka 1354, akaingia utawani na kuandika historia ya vita alivyopigana yeye mwenyewe. Ni wachache mno walioyatazama mambo kutoka mbali. Wengi wanaichukua hiyo kama sababu ya kutowaamini. Mimi naona mwandishi ambaye unajua alipewa cheo na nani, alinyang'anywa na nani na alimlilia nani, unaweza kumpima. Asiyejulikana alisimama wapi ndiye anayekupoteza.

Naanza na Procopius.

Alizaliwa Caesarea ya Palestina, karibu na mwaka 500, akasomea sheria. Mwaka 527 akawa mshauri wa kisheria na katibu wa Belisarius, jemadari mkubwa wa mfalme Justinian. Huyu hakusimuliwa vita, alikuwamo. Mwaka 533 Belisarius alipopelekwa na meli 500 na askari wapata 15,000 kuwapiga Wavandali, kabila la Kijerumani lililokuwa linatawala Carthage (Tunisia ya leo), meli zilipofika Sicily hakuna aliyejua adui yuko wapi wala kama wanaviziwa baharini. Procopius akatumwa Syracuse kwa kisingizio cha kununua chakula. Huko akakutana na rafiki yake wa utotoni, mfanyabiashara wa meli, ambaye mtumishi wake alikuwa ametoka Carthage siku tatu tu nyuma. Mtumishi akamweleza kwamba Wavandali hawana habari kabisa, na jeshi lao bora limepelekwa Sardinia kuzima uasi. Procopius akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja kwa Belisarius. Meli zikang'oa nanga, na ufalme wa Wavandali ukafutika ndani ya miezi michache.

Sasa sikilizeni. Mtu huyuhuyu ameacha vitabu vya aina tatu. Kimoja ni historia ya vita katika juzuu nane, kitulivu, cha mtu mzima anayejua anachosema. Kingine ni cha kusifu majengo ya Justinian, na humo anasema kuba la Hagia Sophia, kanisa kuu la mji, unaliona kama limening'inizwa kutoka mbinguni kwa mnyororo wa dhahabu. Cha tatu hakikutolewa hadharani enzi za uhai wa mfalme. Kilikuja kuchapishwa 1623 baada ya nakala kupatikana kwenye maktaba ya Vatican. Humo Justinian ni shetani aliyevaa mwili wa mtu, na anataja watu wa ikulu waliomwona usiku akitembea bila kichwa. Theodora, mke wa mfalme, anavuliwa nguo mbele ya msomaji. Hata Belisarius, bosi wake wa zamani, anaonyeshwa kama mume dhaifu anayechezewa na mkewe.

Anaeleza mwanzoni kwa nini alikificha: wahusika walikuwa hai, wapelelezi walikuwa kila mahali, na hata ndugu wa damu hakuweza kuwaamini.

#2 · Mchangiaji

Mkuu, madini haya. Lakini nina swali la kweli. Mtu akiandika mfalme ni kipenzi cha Mungu, kisha huyohuyo akaandika mfalme ni shetani, si amejiangusha mwenyewe? Kwa nini tusimweke pembeni tu?

#3 · Mleta uzi

Swali zuri, na wasomi wamelihangaikia kwa miaka mingi. Jibu langu ni kwamba tuna vitu vya kumpimia ambavyo havikutoka mikononi mwake.

Anaeleza tauni iliyoanzia Pelusium, Misri, mwaka 541 na kufika mji mkuu mwaka uliofuata: mitoki ya kinena na kwapa, homa, watu kuweweseka, makaburi kujaa mpaka maiti zikarundikwa ndani ya minara ya ngome. Anasema waliokufa kwa siku walifika 5,000, kisha 10,000 na zaidi. Hizo namba unaweza kuzitilia shaka. Dalili huwezi, kwa sababu wanasayansi wamekuta vinasaba vya bakteria wa tauni kwenye mifupa ya karne ya 6 huko Bavaria, Ujerumani.

Anadai pia kwamba Theodora alitawala sawa na mumewe. Ukifungua sheria za Justinian mwenyewe, kuna moja ya mwaka 535 ambamo mfalme anasema waziwazi kwamba ameshauriana na mkewe kabla ya kuitoa. Hapo kitabu cha chuki na karatasi ya serikali vinasema jambo moja.

Kuna pahala pengine pa kumtazama kwa makini. Januari 532 mashabiki wa mbio za magari ya farasi, Wabuluu na Wakijani, waliungana dhidi ya mfalme, wakachoma katikati ya mji. Justinian alikuwa tayari kukimbia kwa meli. Procopius anasema Theodora alisimama barazani akakataa, akasema ufalme ni sanda njema. Jeshi likaingia Hippodrome, uwanja wa mbio hizo, wakafa watu wapatao 30,000. Kauli ya Theodora imenakiliwa kila mahali kama mfano wa ujasiri. Lakini msemo huo ulikuwa wa zamani, na wasomaji wa Kigiriki waliosoma shule waliujua: asili yake iliwahusu watawala wa kimabavu wa Syracuse, na kilichoitwa sanda njema ni udikteta. Procopius kabadilisha neno moja, kisha kitabu kikasomwa mji mzima mfalme akiwa hai. Ukilijua hilo unaona chuki ya kitabu cha siri ilikuwepo tangu kile cha hadharani, imekunjwa tu.

Kwa hiyo simweki pembeni. Namsoma mara mbili.

#4 · Mchangiaji wa Lamu

Assalaam aleikum wote. Mwenye uzi, huku kwetu mfalme wa Rumi tunayemjua ni mmoja: Herekali. Tumekulia kwenye utendi wake. Je, ndiye huyo wa kwenye vitabu vyenu?

#5 · Mleta uzi

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ndiye yeye, Heraclius, na umenifurahisha sana kwa sababu nilikuwa nasubiri mtu amtaje.

Wasomaji wa bara wafahamu: Utendi wa Tambuka, unaojulikana pia kwa jina la Herekali, ulitungwa na Mwengo wa Athumani wa Pate, na mswada wake wa mwaka 1728 ni miongoni mwa miswada mikongwe kabisa ya Kiswahili tuliyonayo. Yaani ukirudi kwenye mizizi ya fasihi yetu ya maandishi, mfalme wa Konstantinopoli umemkuta hapohapo, kwa herufi za Kiarabu.

Herekali wa historia alitawala kuanzia 610 hadi 641, na sidhani kuna mfalme mwingine aliyepanda na kushuka kama yeye. Waajemi waliichukua Yerusalemu mwaka 614, kisha Misri. Hiki ndicho kipindi ambacho Sura ya Ar-Rum inakigusa, kwamba Warumi wameshindwa na watashinda tena baada ya miaka michache. Mwaka 627 Herekali akawavunja Waajemi karibu na Ninawi, na 630 akaurudisha msalaba Yerusalemu. Miaka sita baadaye, huko Yarmuk, majeshi ya Waislamu yakamnyang'anya Shamu yote.

Tatizo ni nani aliyeandika. Kwa upande wa Warumi, simulizi kubwa ni la Theophanes, mtawa aliyefia uhamishoni Samothrace karibu na mwaka 818. Amekuja karibu miaka 200 baada ya tukio, na anamlaumu Herekali kwa kufuata mafundisho aliyoyaona ni uzushi: kwake, kushindwa vitani ni bakora ya Mungu. Kwa upande wa Waarabu, al-Baladhuri, wa karne ya 9, anamwonyesha Herekali akiiaga Shamu kwa salamu na kuisifu kuwa ni nchi njema iliyoachwa kwa adui. Ajabu ni kwamba mwandishi wa Kiislamu anamhurumia kuliko mtawa wa dini yake.

Na Mwengo? Yeye hakuwa anaandika tarehe. Safari ya Tabuk ya mwaka 630, kwa mapokeo ya Kiislamu yenyewe, iliisha bila pambano kubwa. Utendini imekuwa vita kamili, mashujaa wanapambana mmoja mmoja. Tumsome kama mtunzi mkubwa aliyejua hadhira ya Pate inataka kusikia nini, na tusimdai awe Theophanes.

#6 · Mleta uzi (inaendelea)

Nimpitie Michael Psellos kwa haraka, ingawa kwa uandishi tu huenda ndiye bora kuliko wote. Alizaliwa 1018, akafika juu kabisa ikuluni, akaandika maisha ya wafalme kuanzia Basil wa Pili. Kwake historia ni tabia za watu: malkia Zoe amegeuza chumba chake kuwa karakana ya kuchemshia manukato, moto unawaka ndani hata kiangazi. Mwaka 1042 mfalme Michael wa Tano alipothubutu kumfukuza Zoe, mji mzima uliinuka, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Psellos alikuwepo kanisani wakati yule kijana aliyepinduliwa amekumbatia madhabahu, na anakiri aliingia na hasira akajikuta analia. Muda mfupi baadaye wakamtoa nje, wakamtoboa macho.

Halafu Anna Komnene. Huyu nataka tumpe nafasi.

Amezaliwa Desemba 1083, mtoto wa kwanza wa mfalme Alexios wa Kwanza. Mumewe, Nikephoros Bryennios, alianza kuandika historia ya ukoo huo, akafa kabla ya kumaliza. Anna akaichukua kazi, akaandika vitabu 15 kuhusu utawala wa baba yake, akiwa mzee, anaishi kwenye nyumba ya watawa aliyoijenga mama yake. Hakuna mwanamke mwingine wa Bizanti aliyetuachia historia kubwa kama hiyo.

Ni binti anayempenda baba yake na hafichi. Anajitetea kwa hoja ambayo naiona ina nguvu: anaandika wakati wa mfalme wa tatu, watu hawasumbuki tena kumsifu Alexios, na askari wazee waliopigana naye, ambao wengine wameingia utawani, wanamsimulia bila kutarajia malipo.

Faida yake kubwa kwetu ni Vita vya Msalaba vya kwanza. Vitabu vingi vya Ulaya vinaanza na mashujaa wanaoondoka kwao 1096. Anna anatuonyesha upande wa anayebishiwa hodi: Magharibi nzima imehama inakuja na wake na watoto, na mbele yao nzige wanaoacha ngano na kula mizabibu. Alikuwa na miaka 13 hivi. Bohemond, mmoja wa viongozi wa Vita hivyo, Mnormani aliyekuwa tayari amepigana na baba yake, anamchora kama mtu aliyemtazama kwa macho yake: anawazidi warefu wote kwa karibu dhiraa moja, nywele fupi zinaishia masikioni, kicheko chake kinatisha. Anamchukia, na hawezi kuacha kumtazama. Baadaye anasimulia jinsi Bohemond alivyotoroka Antioch akiwa hai ndani ya jeneza, pamoja na jogoo aliyenyongwa ili harufu iwadanganye wakaguzi. Ukitaka kuikataa hadithi ya jogoo, haya. Lakini kitabu hichohicho kimetuhifadhia maandishi marefu ya mkataba ambao Bohemond alilazimika kuusaini mwaka 1108 akikubali kuwa chini ya Alexios. Mtu wa kawaida asingeyapata hayo. Binti wa ikulu ameyapata.

#7 · Mchangiaji

Mkuu nauliza nje kidogo ya mada. Kuna yeyote kati yao aliyewahi kuutaja mwambao wetu?

#8 · Mleta uzi

Yupo, wala haiko nje ya mada. Ni Cosmas wa Alexandria, mfanyabiashara wa karne ya 6 aliyekuja kuandika uzeeni. Alifika Adulis, bandari ya Aksum (ufalme wa kale wa Ethiopia) iliyokuwa karibu na Massawa ya leo, Eritrea. Anaitaja Barbaria, nchi ya ubani, yaani pembe ya Somalia, na ng'ambo yake anataja Zingion, ambayo mabaharia wa bahari ya Hindi wanaijua. Hiyo ni Zanj, pwani yetu, imetajwa na raia wa Justinian.

Ameeleza pia biashara ya dhahabu ya wajumbe wa Aksum: wanasafiri mbali ndani ya bara, wanachinja ng'ombe, wanaweka nyama, chumvi na chuma juu ya uzio wa miiba, wanakaa kando. Wenyeji wanakuja, wanaweka vipande vya dhahabu juu ya wanachokitaka, wanaondoka. Muuzaji akiridhika anachukua dhahabu. Asiporidhika anaiacha, na wao wanaongeza au wanaichukua yao.

Hiki kitabu lengo lake kuu lilikuwa kuthibitisha kwamba dunia ni bapa na ina umbo la hema la Musa. Photius, patriarki (mkuu wa kanisa) wa Konstantinopoli karne ya 9, alimkosoa vikali. Mwanajiografia hovyo, shahidi mzuri wa kile alichokiona sokoni.

#9 · Mleta uzi (inaendelea)

Sasa nafika kwa mtu wangu: Niketas Choniates.

Alikuwa waziri mwandamizi Konstantinopoli wakati Vita vya Msalaba vya nne vilipoigeukia. Wapiganaji walitakiwa kwenda Misri. Walikuwa wamekubali kuilipa Venice mark 85,000 za fedha kwa usafiri, wakatokea wachache kuliko walivyoahidi, deni likawashinda. Akajitokeza kijana wa kifalme, Alexios, ambaye baba yake alikuwa amepinduliwa na kupofushwa na ndugu yake mwenyewe. Akaahidi mark 200,000 wakimrudishia kiti. Wakaja 1203, wakamweka, akashindwa kulipa. Aprili 1204 wakauvamia mji.

Niketas hakuishia kuwalaani Walatini, yaani Wakristo wa Magharibi. Hapa ndipo ninapomheshimu. Toleo la kwanza la historia yake aliliandika akiwa bado kazini, na kwa mfalme Alexios wa Tatu alikuwa na ulimi laini. Mji ulipoanguka, akiwa mkimbizi, aliirudia kazi yake na kuikaza. Ndiye anayetuambia mkuu wa jeshi la majini, Michael Stryphnos, aliuza nanga, kamba, matanga na misumari ya meli za dola akatia fedha mfukoni. Ndiye anayetuambia walinzi wa misitu ya kuwindia ya mfalme walikataza miti isikatwe kwa ajili ya kuunda meli. Walatini walipotokea, dola iliyotisha bahari kwa moto wake wa kurusha kutoka melini ilikuwa na vyombo kama 20 vilivyooza. Mfalme akatoroka usiku na mzigo wa dhahabu, akamwacha mke na baadhi ya mabinti. Haya yote ameyasema mtu aliyekuwa ndani ya serikali hiyohiyo, aliyepanda vyeo humo.

Kisha uporaji. Nyumba yake kubwa ilikuwa imeshateketea kwa moto wa 1203, akawa anaishi kwenye ndogo karibu na Hagia Sophia. Ndani ya kanisa waliingiza nyumbu kubeba fedha na dhahabu, na walioteleza kwenye marumaru wakachomwa visu palepale. Mwanamke kahaba akaketishwa kwenye kiti cha patriarki, akaimba. Aliyeiokoa familia ya Niketas ni Mvenisi, mfanyabiashara ambaye Niketas alimhifadhi wakati Walatini walipokuwa wanawindwa mjini. Akavaa kama askari, akasimama mlangoni, akidai nyumba hiyo ni mateka wake. Ilipokuwa haiwezekani tena wakatoka, tarehe 17 Aprili, wasichana wamepakwa matope usoni. Njiani askari akamnyakua binti wa hakimu mzee. Niketas akamkimbilia, akawasihi askari wengine kwa maneno machache ya kwao aliyoyajua, akiwakumbusha kiapo cha viongozi wao na dada na mabinti walioacha nyumbani, mpaka wakamlazimisha yule mtu kumwachia.

Akiwa huko nje ameandika kwamba Waislamu walipoichukua Yerusalemu mwaka 1187 waliwatendea Wakristo vizuri kuliko hawa waliobeba msalaba mabegani. Fikiria Mkristo wa Konstantinopoli kuandika hivyo. Na ameacha orodha ya sanamu za shaba za kale zilizoyeyushwa kuwa sarafu, mojawapo Hercules wa Lysippos, mchongaji wa Kigiriki wa kale. Nyingi ya hizo leo tunazijua kwa kalamu yake tu.

#10 · Mchangiaji

Umesema hutaki 1453 lakini lazima tuifikie. Nani wa kuaminiwa pale?

#11 · Mleta uzi

Wasome wawili pamoja, Sphrantzes na Kritoboulos, maana walikaa pande mbili tofauti.

Sphrantzes alikuwa rafiki na msiri wa mfalme wa mwisho, Konstantino wa 11. Aliagizwa ahesabu wanaume wa mji wenye kuweza kushika silaha. Akakuta hawafiki 5,000. Mfalme akamwamuru namba hiyo ibaki kati yao wawili. Mji ulipoanguka tarehe 29 Mei alitekwa, akakombolewa, lakini watoto wake walichukuliwa ikulu ya sultani, na wote wawili, John na Thamar, walifia huko. Anayaandika hayo kwa sentensi fupi za shajara. Ila anapohesabu jeshi la sultani anasema 200,000, wakati makadirio ya leo yapo karibu na 80,000. Tahadhari: kuna toleo refu lenye jina lake ambalo limethibitika kughushiwa karne ya 16. Chukua lile fupi.

Kritoboulos wa Imbros naye ni Mgiriki, lakini kitabu chake amemtunukia Mehmed wa Pili. Wapo wanaomwita msaliti. Alikisalimisha kisiwa chake bila damu kumwagika, na mimi siwezi kumhukumu kwa hilo. Ndiye anayesema sultani alipoingia na kuona uharibifu alitokwa na machozi kwa ajili ya mji alioutoa uporwe. Ni sifa kwa bosi wake, sawa. Lakini ndani ya sifa hiyo umepata ushahidi wa ukubwa wa uharibifu, kutoka kwa mtu ambaye maslahi yake yalikuwa kuupunguza.

#12 · Mchangiaji

Nimesoma mwanzo mwisho. Mtu asiyejua Kigiriki aanze na nani?

#13 · Mleta uzi

Karibu wote niliowataja wametafsiriwa kwa Kiingereza. Anza na Psellos, ni mfupi na watu wake wako hai. Kisha kitabu cha kwanza cha vita cha Procopius, na ukimaliza tu, kabla hujasahau, fungua kile cha siri. Anna usimsome kwa pupa, anza na kitabu cha 10 Walatini wanapofika. Niketas nenda moja kwa moja 1195, usome mpaka 1204 bila kuruka. Ukikwama kwenye majina, leta hapa tusaidiane.